Kole Haiyakauka

Mikono yangu imekataa shindano, ile sindano ya kushona, lakini kichwa iko muzima, na mudomo pia. Kwa hiyo naandika. Hii ni kwa nyinyi wenye munabaki ku meza yangu, pembeni ya soko kubwa ya Bunia: Furaha, mwenye watu wanaita Mama Plamedi, na wale wanaume wawili wa viatu wenye wanacheka kila kitu. Mulisema muzee aeleze kazi ilianza namna gani. Sitasema nilipata nini ao nilijenga nini. Nyumba yangu munaiona, iko na bati, inatosha. Nitasema mambo ya shindano, ya kole na ya vitabu. Na mwisho nitasema ile jambo yenye ilininyima raha tangu siku nilimuachia Furaha meza: kama itabaki meza ya vitabu, ao itarudi kuwa meza ya viatu tu.

Mwenye hanijui aelewe hivi. Miye ni mushona-viatu mwenye aligeuka mushona-vitabu. Kitabu ikivunjika mugongo, mulete kwangu, naifungua, naishona upya, naipaka kole, ile gundi yetu ya muhogo, naivalisha karto, ile karatasi ngumu, inarudi kusimama. Hakuna mutu alinifundisha hiyo. Masomo yangu ilikatika ku darasa ya tatu, kwetu Mahagi, juu ya kuwa baba aliona samaki ya ziwa haiulizi kama mutu iko na diplome.

Nilifika Bunia kijana, nikamukuta Muzee Pilo, mutu wa Aru, anashona viatu chini ya parasoli yenye ilibaki vyuma na kitambaa kidogo ya aibu. Siku ya kwanza hakunipa shindano. Alinipa kiatu ya mwanamuke, akasema:

"Angalia hii, uniambie mwenyewe anatembea namna gani."

"Muzee, simujui mwenyewe."

"Nilikuuliza jina yake? Angalia soli."

Nikaangalia. Soli ilikuwa imekwisha upande wa inje. Nikasema huyu mama anatembea kama mutu anakwepa maji ya barabara. Muzee Pilo akacheka mpaka akakohoa, na hapo akanipa alene, ile chuma ya kutoboa ngozi. Alisema kila kiatu, mbele ya kushona, uisome kwanza. Yeye mwenyewe hakujua hata herufi moja mpaka kufa kwake; karatasi ya serikali alitiaka kidole. Lakini ile neno yake ndiyo ilinilisha.

Kitabu ya kwanza ilikuja mu sashe moja, mufuko ya plastiki, pamoja na kiatu. Madame Kavira, mwalimu, jamaa yao walitoka Butembo, ndiye aliileta. Kiatu ilikuwa imefunguka mudomo. Kitabu pia.

"Madame, hiyo ingine hatushone," Muzee Pilo akasema.

"Juu ya nini? Iko na mugongo kama kiatu iko na soli. Huyu kijana yako iko na mikono. Ajaribu."

Alisema hivyo huku anaivuta kunionyesha, na kitabu ikaachana yote. Mwajua upepo ya boulevard yetu wakati wa kiangazi, na mavumbi yake nyekundu. Kurasa ziliruka katikati ya mamoto, zile pikipiki. Tulikimbia siye wote, na Madame, kiatu yake moja ku muguu, ingine ilitoka mu mbio. Mama mumoja mwenye kuuza tomati aliturudishia kurasa zingine akiwa anasoma moja kwa sauti na kuuliza sasa huyu mwanaume ni wa nani. Mbuzi alikuwa mbio kupita siye, akakula moja. Mpaka leo sijui ilisema nini.

Nilifunga zote na kamba, nikaenda nazo nyumbani, nikatandika mukeka. Nilifikiri nitapanga kwa numero, numero najua. Shida: panya walikuwa wamekula kona zote. Hakuna ukurasa hata moja yenye ilibaki na numero yake. Basi ilibaki njia moja, kusoma.

Wakati ule nilikuwa najua kusoma kama mutu mwenye anajua kuogelea akishika mutumbwi. Nilitia kidole chini ya kila neno na mudomo ikawa inatembea. Ukurasa moja iliisha hivi, mwanaume anamushika bibi mukono na anamuambia. Anamuambia nini? Nikatafuta. Nikapata ukurasa yenye inaanza na kilo ya muchele. Hapana, mwanaume hawezi kushika mukono wa bibi kwa hiyo. Nikapata ingine yenye inaanza "nitarudi". Ndiyo. Nikaweka ile juu ya ile, nikaenda mbele. Hivyo ndivyo nilianza kusoma roman yangu ya kwanza, kipande kwa kipande, kama mutu anarudisha ng'ombe moja moja mu kiraal, zizi yao, na kila moja anamukagua.

Ilikuwa roman ya Kiswahili ya Tanzania, wanasema riwaya kule. Watu wake wanasema "tafadhali" hata wakati wanapigana, unafikiri wote wamevaa kravati. Lakini hadithi ilikuwa nzuri. Bibi mumoja anauza nyumba ya bwana yake, akifikiri bwana alikufa safarini. Kumbe bwana iko njiani. Nilipomaliza kupanga, nilishona na uzi ya nailoni yenye nilipaka nta ya nyuki, nikapiga kole, nikalaza pasi ya makaa juu yake, pasi ya baridi, kwa uzito yake. Kazi ikaisha. Lakini sikuwa nimeisoma yote mustari kwa mustari. Nilikuwa nimeonja tu mwisho na mwanzo ya kila ukurasa. Na Madame Kavira akafika.

"Kijana, kitabu yangu?"

"Kole haiyakauka, Madame. Ngoja ikauke."

Alirudi kisha. Nikasema kole haiyakauka. Alirudi tena, jua inapasua kichwa, hata chupi za watu zinakauka ku kamba ukizihesabia. Nikasema kole ya muhogo iko na mambo yake. Akanyoosha mukono akaishika kitabu, kavu kama mukate ya juzi. Akaniangalia.

"Bwana amekwisha kurudi?" akauliza.

"Iko ku kivuko," nikasema. "Anatafuta mutumbwi."

"Sawa. Nitakuja ile siku nyingine. Kumbe weye unasoma."

"Hapana, Madame. Miye sikusoma."

"Sisemi kama ulisoma," akasema. "Nasema unasoma."

Nyinyi munaona kama ni neno moja. Siyo moja. Kwetu, wakikuuliza ulisoma, wanataka diplome. Miye sikusoma, nasoma. Kuna mutu wa ofisi, alikuja kuandika watu wa kartie, mutaa yetu, kalamu ku sikio, akaniuliza: "Papa, ulisoma mpaka wapi?" Nilikuwa na kitabu ku magoti. Nikamujibu: "Mpaka pale fasi mama-mukwe anaficha ufunguo." Alicheka vizuri yule mutu, akakaa, akaniomba nimuelezee mama-mukwe. Watu nyuma yake wakachelewa kuandikwa.

Baada ya Madame Kavira, kazi ya vitabu ilikuja yenyewe. Misale, zile vitabu za misa, vitabu za masomo, Biblia zenye zilivunjika ku Zaburi (zote zinavunjikaka ku Zaburi, ni fasi watu wanafunguaka wakati wa shida), na maroman. Roman ndiyo nilipenda. Ya Kiswahili ilikuja na wafanya-biashara kupitia Ariwara, ya Kifaransa ilitoka ku masanduku ya walimu. Kifaransa nilisoma kama mutu anatembea mu potopoto, mu matope: unavuta muguu, unapumzika, unavuta ingine. Lakini mutu wa potopoto anafika pia, anafika muchafu tu.

Ile "kole haiyakauka" ilikuwa bei yangu ya pili. Siombi samahani. Kila kitabu yenye ilipita ku meza yangu ilinilipa kwa kusomwa. Watu walijua. Mwenye haraka alikuwa anasema mbele: "Papa Kole, hii ni ya kushona, siyo ya kukausha." Neno ikaenda mu muji. Sheremala mwenye hajamaliza mulango anasema kole haiyakauka, mpaka kule kartie ya Mudzipela. Bibi yangu, miye bwana yake nikiuliza chakula, alisema kole haiyakauka, na hapo nilinyamaza, juu ni miye nilileta hiyo dini mu nyumba.

Sasa kole yenyewe. Bunga ya muhogo iliyochekechwa vizuri, maji, moto kidogo, unakoroga bila kuacha mpaka inakuwa kama uji ya mutoto. Chumvi kidogo isioze. Shida yake ni mende. Mende wanapenda kole ya muhogo kuliko siye wote. Siku moja niliwaza, nikatia pilipili. Mende waliacha, nikajiona munganga. Lakini nilisahau kitu moja: watu wa Bunia wanalambaka kidole mbele ya kufungua ukurasa. Mama mumoja wa kanisa, msomaji wa masomo ya siku ya Mungu, alifungua kitabu mbele ya watu wote, akalamba, akafungua, akalamba, na wakati anafika "Neno la Bwana" machozi ilikuwa inashuka ku mashavu. Kanisa yote ikaona Roho ameshuka. Wengine wakalia naye. Baada ya misa alikuja moja kwa moja ku meza yangu, macho ingali nyekundu, akasema: "Papa Kole, weye na mende wako." Niliacha pilipili. Nikatia majivu kidogo, ni vizuri pia.

Kulikuwa miaka yenye Bunia ilikimbia vita. Sitafungua sanduku hiyo hapa, nyinyi wengi mulikuwa ndani yake. Nitasema kitu moja. Watu waliporudi, papa mumoja alikuja na roman yenye nusu yake ya mwisho ilikwenda, walifungia karanga njiani. Akaniuliza kama naweza kuishona. Nikasema naweza kushona yenye iko; yenye haiko siwezi. Lakini ile kitabu nilikuwa nimeikausha zamani. Nikamuambia akae ku bidoni, ile dumu ya maji, nikamupa mwisho kwa mudomo, yote, mpaka harusi. Kesho yake alirudi na ndugu yake, akasema: "Muelezee huyu pia, lakini harusi usiipunguze."

Watu wananiuliza mutu kama miye, mbali na maduka ya vitabu, anafuata vitabu vipya namna gani. Hafuate. Anakaa fasi moja na vitabu vinapita, vimechoka tayari, na hiyo ni vizuri, juu kitabu yenye imevunjika mugongo ni kitabu yenye watu walifungua. Ile yenye ingali inang'aa baada ya miaka mingi, ogopa, hakuna mutu alifika katikati. Hii ndiyo namna yangu ya kuchagua na sijapata ingine nzuri. Tena nawaambia, usiruke kurasa. Mwenye anaruka kurasa ni kama mwenye anaomba muchuzi bila ugali, atarudi na njaa. Na roman yenye inaanza na mawingu kurasa tatu, mupe nafasi lakini usimupe siku yote. Vijana wananionyesha vitabu mu telefone. Sawa. Nimesoma moja hivyo, ilikuwa nzuri, mpaka fasi mwizi anashikwa. Hapo batri ikaisha na umeme haikuwa. Mwizi angali anakimbia.

Basi tufike kwa Furaha.

Furaha alikuja akiuza sandale za plastiki pembeni yetu. Siku moja sandale ilikatika mu mikono ya mukliya, mwenye alikuja kununua; Furaha akachukua shindano yangu bila kuomba, akashona kwa pointi, mishono ndogo-ndogo, unafikiri ni mashine. Nikamuita ku meza. Nitasema wazi kama ninavyosema kila kitu: mukono wake unapita wangu. Mugongo ya kitabu yenye Furaha ameshona unaweza kuitupa ku ukuta. Lakini kusoma, hapana. Alipita masomo kuliko miye, alimaliza sekondari, na tangu siku alitoka hakufungua kitabu ila kuishona.

"Furaha, hii roman ni ya utamu, soma kidogo."

"Papa, miye nashona, sisomi. Kazi ni kazi."

"Utajuaje kama umepanga sawa?"

"Numero iko, papa. Juu ya nini waliandika numero?"

Kisha mikono yangu ikakataa shindano, nikamuachia meza, na siku ile nilimuachia pia kitabu yangu moja ya kushona, juu miye siwezi tena. Ilikuwa ile ya kwanza. Madame Kavira alinipa akirudi Butembo, alisema imekauka kwangu miaka mingi, ikae tu. Uzi ilikuwa imechoka. Nilirudi nyumbani nikafikiri: ikiwa hata ile ataishona bila kuiangalia uso, basi hii mambo inaisha na miye. Wataleta vitabu mwaka moja, miwili, watapata vitu vimeshonwa kama magunia, na wataacha.

Si ndivyo ilikuwa. Papa Unen, mwenye kuuza samaki ya chumvi, alikuwa ameacha roman yake ku meza wakati ule ule. Kipimo moja na yangu, karatasi ya rangi moja. Na juu vitabu yake inalalaka pamoja na samaki, panya walikuwa wamekula kona zote. Numero haikuwa huku, haikuwa kule.

Papa Unen alikuja kwangu nyumbani, kitabu chini ya kwapa, harufu mbele.

"Papa Kole, ulikwisha kusoma hii?"

"Zamani. Mama anakufa, watoto wanapigania duka."

"Ndiyo. Anakufa. Wanamuzika vizuri, na padiri iko. Miye nalia kidogo. Nafungua ukurasa, mama anapika samaki."

"Anapika?"

"Anapika na anaimba. Nikasema, aa, ni roman ya miujiza. Kisha anauza nyumba. Maiti anauza nyumba, Papa Kole. Na tena anapika samaki ya chumvi bila kuilowesha kwanza. Hiyo ndiyo ilinikasirisha."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaacha kucheka, juu nilijua ile samaki. Ni ya bibi yangu wa kitabu, yule wa kuuza nyumba. Katikati ya roman yangu ilikuwa ndani ya tumbo ya roman ya Papa Unen.

"Lakini unajua," akasema, "siyo mbaya. Ile ya kufufuka inaipa nguvu."

Tulienda siye wawili ku meza. Furaha alisikiliza na uso wa mutu mwenye ameshikwa anasinzia mu kanisa. Wale wawili wa viatu walikuwa tayari wamelala juu ya meza kwa kicheko, mumoja akauliza kama maiti aliuza kwa hati ao bila hati. Furaha akachukua wembe akakata uzi yake yote, ile pointi nzuri. Akaweka rundo la kurasa mbele yangu.

"Papa, weye unajua hii hadithi. Panga."

Nitawaambia ukweli, mikono ilitaka. Ningepanga yote mbele ya saa sita. Lakini nikaweka mikono nyuma.

"Miye siko fundi tena."

"Papa."

"Uliniambia numero iko. Fuata numero."

"Numero haiko, unaona."

"Basi utauliza watu wenye wako ndani ya hadithi."

Akakasirika. Ni vizuri, fundi mwenye hakasirike kazi yake haimuhusu. Akasema: "Muzee, weye unataka nini kwa kweli?" Nikasema nataka vitabu viwili. Nikaondoka, na njia yote nilijiona mubaya, na nilifikiri kesho ataenda kurudi ku sandale zake.

Sikwenda ku soko siku kadhaa, kwa kiburi, niseme hivyo. Nikasikia tu kwa bibi yangu kama Mama Plamedi wanamuona jioni ku mulango wake, mukeka chini, kurasa juu ya mukeka na mawe juu ya kurasa, anakataza hata kuku kupita. Kisha Papa Unen akapita ku pikipiki, akainua kitabu yake juu, akapiga kelele: "Mama amekufa sawasawa sasa." Alikuwa kama mutu mwenye amepunguzwa kitu.

Basi nikavaa shati, nikaenda.

Furaha alikuwa ameketi, shindano imechomekwa mu kitambaa ya kichwa. Kitabu yangu ilikuwa ku magoti yake, chini ya meza kidogo, kama mutu anaficha mukate wakati wa kufunga. Karto mupya, ya sanduku ya sabuni. Mugongo umesimama kama soja.

"Mama Plamedi, nimekuja kuchukua kitabu yangu."

Hakuinua kichwa.

"Kole haiyakauka, papa."

Wale wawili wa viatu wakainama juu ya kazi yao, mabega inatetemeka. Nilinyoosha kidole nikagusa mugongo. Kavu. Ungegonga ingelia kama meza. Furaha akaivuta polepole kwake.

"Rudi wiki ingine," akasema. Kisha akainua macho. "Na tena, papa, usiniambie. Sitaki kujua kama ile bwana anafika kabla nyumba haijauzwa."

Muji yote unanijua. Mwisho wa vitabu nimewapa watu bila kuombwa, ku foleni ya maji, ku matanga, hata mutu mumoja akiwa ku kiti cha kutoa jino. Nilifungua mudomo. Nikaufunga. Kazi yote yenye nilifanya ku ile meza, na alene, na pasi, na mende, hakuna yenye ilikuwa ngumu kama hiyo. Nikasema sawa, nitangoja, kole ya muhogo iko na mambo yake, na nikarudi nyumbani bila kitabu.